Sauti ya Saba ya Dada Sabatina

Sabatina alizaliwa juu kwenye milima ya miti ya kastania, kule ambako mtu akitaka kumwambia jirani neno hashuki bonde na kupanda tena, anaita tu, na bonde linampelekea. Baba yake alikausha kastania, kokwa za miti hiyo zinazoliwa, kwa moshi, na tangu Oktoba hadi Krismasi nyumba nzima ilikaa ndani ya moshi huo, watu, mbuzi na mablanketi. Wengine walisema ndio uliomharibu koo akawa na sauti nzito vile. Uongo. Dada zake watatu walivuta moshi ule ule wakabaki na sauti za vifaranga. Sabatina alipewa yake na Mungu, basi, na cha kupewa hakina maelezo.

Alipotimiza miaka kumi na saba akashushwa mjini Montebruno, kwa watawa wa Mtakatifu Marta. Si kwamba alitokewa na malaika. Nyumbani mabinti walikuwa wanne na kitanda kimoja. Mabinti wa mabwana waliingia pale na mali za baba zao, wakavishwa shela nyeusi, wakaitwa Bibi, wakafundishwa Kilatini na noti. Sabatina aliingia na mikono yake miwili. Akavishwa shela nyeupe, akaitwa Dada, akaonyeshwa jiko. Shela nyeusi walikaa kwenye viti vya kwaya, nyuma ya kimia cha chuma kilichowatenga na waumini, wakaimba. Shela nyeupe walisali Baba Yetu zao huku wanamenya vitunguu, na kuingia kwenye kwaya wakati wa ibada walikatazwa. Hiyo ndiyo kanuni ya nyumba, na aliyeiandika hakika hakuwahi kumenya kitunguu.

Miaka minane ilipita hivyo. Siku moja ya Kwaresima muuza mikunga, samaki warefu kama nyoka, alileta mzigo wake mlangoni, kwenye lile kasha la kuzungusha ambalo vitu hupitia bila watu kuonana. Sabatina akazungusha, akatazama.

"We baba!" akamwita kupitia ukutani. "Hawa ni mikunga au kamba za viatu?"

"Ni mikunga, Dada! Wamekonda kwa ajili ya Kwaresima!"

"Basi wapeleke wakafunge kwako! Hapa tuna watu arobaini wa kulisha!"

Nyuma yake akasikia mtu anacheka. Alikuwa Bibi Cherubina, mwalimu wa kwaya, mama mnene mwenye tumbo baya, aliyekuja jikoni kila asubuhi kunywa maji ya shayiri. Ndiye pia aliyeimba sauti nzito kuliko wote.

"Nani alinguruma?" akauliza Bibi Cherubina.

"Ni mimi, Bibi. Nisamehe. Mikunga ni wabaya."

"Achana na mikunga. Nguruma tena."

Sababu yake ilikuwa hii. Nyumba ile ilikuwa na Misa ya sauti sita, iliyotungwa na marehemu Bwana Ercole, mjomba wake Cherubina, aliyekuwa akifundisha kwaya ya kanisa kuu. Aliwatungia watawa wale, sauti zote za wanawake, na kila sauti ikawa na kitabu chake. Anayeimba juu haoni cha chini, wa chini haoni cha juu. Kila mmoja analima shamba lake, na mavuno anayaona anayesikiliza. Lakini mwishoni kabisa, Mwanakondoo wa Mungu anapoimbwa mara ya tatu, sauti huwa saba. Ukitafuta kitabu cha saba hukipati. Bwana Ercole hakukiandika. Alichora kialama kidogo kama ndoana juu ya noti moja ya kitabu cha sauti nzito, kama kusema: mwenzangu akifika hapa, mimi naanza pale alipoanzia yeye, wimbo ule ule, maneno yale yale, nikimfuata hatua nane nyuma hadi mwisho. Mmoja anatembea, mwingine anakanyaga nyayo zake. Aliyekuwa akimfuata Cherubina alikufa kwa homa, na kati ya shela nyeusi hapakuwa na mwingine wa kushuka chini vile. Tangu hapo Mwanakondoo alikuwa akiimbwa kwa sauti sita, na Cherubina alisema ni kama meza yenye mguu mfupi.

Akamfundisha Sabatina kwenye ujia uliotoka jikoni hadi nyuma ya kwaya. Hakumpa kitabu, Sabatina hakujua kusoma hata jina lake. Alitangulia yeye, akiimba na kukanyaga kigae kimoja kwa kila hesabu, na Sabatina akaja nyuma vigae vinane, akiimba pale mwenzake alipokwisha kupita.

"Usinisikilize ninaposema sasa," Cherubina alimwambia. "Sikiliza nilichosema."

"Na unachosema sasa nikiweke wapi, Bibi?"

"Kiweke mfukoni. Utakihitaji ukifika hapa."

Kwa mtu mwenye kuangalia vyungu vinne kwa wakati mmoja, hilo halikuwa jambo gumu. Kufikia sikukuu ya Mtakatifu Marta, mwisho wa Julai, alilijua lote, na Mama Mkuu wa wakati huo akaruhusu mlango wa ujia uachwe wazi kiasi cha shibiri. Sabatina akasimama kwenye ujia, kati ya mafagio, akaimba. Kanuni haikuvunjwa, maana miguu yake ilikuwa bado jikoni. Miaka kumi na moja aliimba hivyo, Krismasi na Julai. Watu waliokaa upande wa pili wa kimia wakasema watawa wa Marta wana kisima chini ya sakafu, na wimbo unatoka humo.

Bibi Cherubina akafa, mwishoni mwa Novemba ya mvua nyingi. Sabatina ndiye aliyemwosha.

Kwaya ikapewa Bibi Ippolita, mwanamke wa miaka thelathini aliyeingia nyumba ile baada ya Sabatina, msomi, mwenye sauti nzito ya kutosha kushika nafasi ya marehemu. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kisafi. Krismasi ile mabwana wa mji walikuja Misani na wake zao, na jikoni mikunga walikuwa wakikaangwa. Bibi Ippolita akasikia harufu kwenye kwaya, akatuma mtu afunge mlango wa ujia. Basi. Hakukumbuka kilichokuwa nyuma yake.

Sabatina alikuwa tayari amesimama kati ya mafagio. Akasikia Mwanakondoo wa tatu kwa mbali, kupitia mbao. Akaingia mahali pake, akaimba hadi mwisho mbele ya mlango uliofungwa, kwa ajili ya Cherubina, ambaye mwezi haujaisha tangu azikwe. Hakuna aliyesikia. Baadaye shela nyeusi walipita wakisema mwaka huu Mwanakondoo alipungua kitu, labda ni baridi.

"Labda ni baridi," Sabatina akamwambia Dada Zanetta, mwenzake wa jikoni.

Julai ilipokaribia, Bibi Ippolita akaja jikoni mwenyewe, ameshika sketi juu isiguse sakafu.

"Dada Sabatina, tunaimba Misa ya Bwana Ercole siku ya Mtakatifu Marta. Utasimama mahali pako."

"Pangu wapi, Bibi?"

"Pale kwenye ujia."

"Pale ni pa mafagio. Pangu ni hapa, kwenye sufuria. Na kama mnataka niimbe, basi pangu ni huko ndani, kwenye stendi ya vitabu, na ninyi."

Bibi Ippolita akadhani ni utani. "Kanuni unaijua."

"Naijua. Mlango naujua pia. Unafungwa."

Hapo Ippolita akakumbuka, uso ukamwiva. Akasema, kwa upole kweli, kwamba safari hii mlango hautafungwa, atauwekea jiwe. Sabatina akachovya kijiko, akaonja maharage.

"Marehemu nilimwimbia kwenye ujia kwa sababu nilimpenda. Wewe sikujui, Bibi. Kwako naimba ndani, au siimbi."

"Hujui hata kusoma! Ukipotea pale katikati yetu, utatupoteza sote."

"Miaka kumi na moja nimepotea lini?"

"Basi nitamfundisha mwingine," akasema Ippolita, akaondoka. Zanetta akasubiri hadi hatua zake zitoweke.

"Mwenzangu, una kichwa cha punda."

"Punda akibebeshwa mzigo hupanda mlima wowote. Mimi mlima huu nimeukataa."

Lakini usiku ule usingizi haukumjia, maana alijua anachohatarisha. Bwana Ercole alikuwa amekufa, Cherubina amekufa, na sauti ya saba, ndoana tu kitabuni, ilibaki hai mahali pamoja tu duniani, kifuani mwake. Akikaidi na wao wakikaidi, hiyo ndiyo basi.

Ippolita akamchukua Bibi Fulvia, binti hodari, msomaji mzuri kuliko wote. Wakafanya mazoezi kwenye chumba cha kushonea, juu ya jiko, kwa hiyo Sabatina alisikia kila kitu. Wakasimama wote wawili mbele ya kitabu kimoja. Ippolita akaanza, akafika kwenye ndoana, Fulvia akaingia. Mstari wa kwanza sawa. Mstari wa pili sawa. Wa tatu, jicho la Fulvia likavutwa mbele pale jicho la mwenzake lilipokuwa, sauti ikalifuata jicho, na ghafla wakawa wanaimba pamoja kama mtu mmoja mwenye vichwa viwili. Wakarudia. Tena. Ippolita akamnakilia Fulvia karatasi yake peke yake, akahesabu kwa mguu, dum, dum, dum, hadi vumbi likaanguka kwenye supu. Safari hii Fulvia alihesabu vizuri, lakini kila wimbo uliposhuka chini kabisa, sauti yake ilibaki juu, kama ndoo ambayo kamba haifiki majini.

"Mwite tu yule Sabatina," alisikika Fulvia akisema, karibu kulia. "Yeye haoni karatasi, hawezi kuvutwa nayo."

Zanetta jikoni akafunika mdomo kwa aproni. Sabatina aliendelea kukuna jibini.

Ndipo Mama Mkuu akamwita. Mama Eufrasia alikuwa mzee wa miaka sabini na tano, mdogo kama kinyozi wa paka, na hakuna aliyewahi kumdanganya mara mbili.

"Sabatina, naambiwa umekuwa mgumu kama jibini la mwaka juzi."

"La mwaka juzi ndilo linalokunwa siku ya sikukuu, Mama."

"Mh. Nikikuamuru kwa utii uimbe kwenye ujia?"

"Nitatii, Mama. Nitasimama, nitafungua mdomo. Lakini sauti haijaweka nadhiri. Siwezi kukuahidi itatoka."

"Na hao wa shela nyeusi wakiniuliza kwa nini mpishi yuko ndani ya kwaya, niwaambie nini?"

"Waulize, sikukuu ni ya nani? Si ya Marta? Naye siku Bwana alipokuja nyumbani kwake alikuwa wapi kama si jikoni? Angezaliwa hapa Montebruno, Mama, kwenye sikukuu yake mwenyewe angesimama na mafagio."

Mama Mkuu akakohoa, na hakikuwa kikohozi, kilikuwa kicheko. Akafungua kitabu cha kanuni, akapitisha kidole. "Mtawa wa kazi akiingia kwenye kwaya wakati wa ibada, atakula chakula chake sakafuni siku saba. Imeandikwa. Siwezi kuifuta."

"Nani kakwambia uifute? Niandikie kabisa. Siku saba nitakula chini. Mikunga hawabadiliki ladha kwa kushushwa."

"Unataka nikuandikie adhabu ya kosa ambalo hujafanya?"

"Nitalifanya, Mama. Nakuahidi."

Ikaandikwa.

Siku ya Mtakatifu Marta jua liliwaka tangu alfajiri. Sabatina aliamka mapema, akapika kila kitu, akamwachia Zanetta sufuria, akaosha mikono hadi viwiko, akafunga shela nyeupe safi. Mwanakondoo alipoanza mara ya kwanza, akasukuma mlango wa ujia akaingia. Mwanamke mmoja wa shela nyeusi akakusanya sketi yake kama vile mtu anamwaga maji. Fulvia akasogea, akampa nafasi kwenye stendi, kando ya Ippolita. Mbele yao vitabu vilikuwa wazi. Sabatina hakuvitazama, kwake zile noti zilikuwa kama nzi ukutani. Alitazama mkono wa Ippolita uliokuwa ukipiga hesabu.

Mara ya tatu ikafika. Sauti sita zikapanda moja baada ya nyingine, kama watu wanaoingia chumbani wakisalimiana. Ippolita akafika kwenye ndoana. Sabatina akaingia.

Mara ya kwanza katika maisha yake alizisikia zote kutoka ndani, juu yake, pembeni mwake, hakuna ubao kati. Hakulia, alikuwa kazini.

Lakini Ippolita hakuwa amemwamini. Alikuwa akiimba sikio moja limegeukia nyuma, akisubiri kwa hofu mpishi apotee. Mstari wa kwanza akasikiliza, wa pili akasikiliza, na wa tatu, kwa kusikiliza mno wa nyuma, akaurudia ule wa nyuma. Sauti yake ikateleza ikaingia kwenye nyayo za Sabatina. Wakawa mmoja. Mbele njia ikawa tupu, hakuna aliyetangulia, na wale wengine watano juu yao wakaanza kuyumba, maana wimbo mzima unakaa juu ya sauti ile. Ippolita akajua alichofanya. Macho yalitafuta kwenye ukurasa, hayakupata.

Sabatina alikuwa na mfuko. Alichokwisha kusema mwenzake alikuwa akikiimba, na kilichopaswa kufuata alikijua pia. Akavuta pumzi, akauacha mstari wake kwa Ippolita, akaruka vigae vinane mbele, akashuka na ile sauti ya bondeni pale hasa ambapo mtangulizi alipaswa kuwa. Na kwa kichwa akamfanyia Ippolita ishara ndogo: baki hapo hapo, nifuate. Ippolita akafuata. Msomi akamfuata asiyejua kusoma, hatua nane nyuma, hadi neno la mwisho, na wimbo ukatulia chini kama mama anayekaa baada ya kazi ndefu.

Upande wa pili wa kimia watu walisema kile kisima kimerudi. Hakuna aliyejua zaidi ya hapo. Hata ndani ya kwaya walikuwa watatu tu waliojua: wao wawili na Fulvia aliyesimama kando yao. Ippolita angeweza kunyamaza.

Hakunyamaza. Kabla ya chakula, mbele ya watawa wote, alipiga magoti akasema kwamba katika Mwanakondoo wa tatu alipotea, kwamba Dada Sabatina ndiye aliyemtafuta akampata, na kwamba mlango wa Krismasi aliufunga yeye. Anayekosea kwenye kwaya ana adhabu yake kwenye kitabu kile kile. Siku tatu, sakafuni.

Kwa hiyo walikula chini wote wawili, kando ya meza ndefu, mabakuli magotini. Ilikuwa sikukuu, ruhusa ya kuzungumza ilikuwepo, lakini Ippolita alihangaika kwanza na kukaa. Alijaribu kukunja miguu upande huu, akajaribu upande ule.

"Kalia kisigino," Sabatina akamwambia. "La, hicho kingine."

"Asante." Akala kidogo. "Uliondoka mahali pako, Dada."

"Ningebaki pangu, tungekuwa porini sote wawili."

"Ulijuaje sehemu yangu? Cherubina alikufundisha ya kufuata."

"Sasa Bibi, anayefuata anapita wapi kama si pale pale? Njia ni moja. Kinachotofautiana ni saa." Akamtazama kwa jicho la pembeni. "Nisogezee chumvi. Na usijinyooshe sana, hapa ni pangu. Mimi nimepalipia. Wewe umefika kwa bahati mbaya."

Ippolita akacheka hadi supu ikamwingia puani, na meza ya juu wakageuka wote kutazama.

Tangu mwaka ule Sabatina aliimba ndani ya kwaya kila Krismasi na kila Julai, na kila mara baada yake alikula sakafuni siku saba. Alimfundisha Fulvia, sauti yake ilipokwisha kuzama na umri, akamfundisha na binti mwingine wa shela nyeupe aliyekuja na koo zuri, wakitembea juu ya vigae vile vile. Hakuificha ile sauti, watu wasimsingizie. Alichokataa ni kuingizwa kwa mlango wa nyuma. Mama Eufrasia alikufa, akaja mwingine, akafa na huyo, na mwisho akachaguliwa Ippolita mwenyewe kuwa Mama Mkuu, tayari mvi zimemjaa. Sikukuu ya kwanza ya uongozi wake, Misa ilipokwisha, alimkuta Sabatina kwenye chumba cha chakula ameshika ukuta, anatafuta namna ya kushuka. Magoti yalikuwa yamekataa.

"Dada Sabatina, njoo ukae mezani. Adhabu imefutwa."

"Kaifuta nani?"

"Mimi. Nina uwezo huo sasa."

"Basi irudishe, Mama."

"Kwa nini, jamani? Miaka kumi na tisa!"

"Kwa sababu ukinifutia, kule kwenye stendi nitakuwa nimesimama kwa hisani yako. Wewe ni mwema, lakini hutaishi milele, na atakayekuja baada yako atasema hisani imekwisha. Nikilipa, hakuna wa kuninyang'anya mimi, wala huyu binti atakayeimba nikishakufa. Atalipa, ataimba. Bei inajulikana."

Mama Mkuu Ippolita aliita shela nyeusi wawili wenye nguvu, wakamshika Sabatina makwapa, wakamshusha.

"Polepole! Mnashusha mtu, si gunia la unga."

Alipokwisha kukaa sawasawa, akanyoosha shela, akapokea bakuli lake, akaonja. Akasema maharage yamekosa chumvi, na kwamba kuna mtu jikoni atasikia habari yake kesho.